Seleri jangwani: lini uatike, lini upandikize, na kwa nini pakiti ya mbegu haikusaidii

Waulize watu watatu wenye bustani ndogo mjini Phoenix, Arizona, kama seleri inaota jangwani, na utaondoka na majibu matatu. Wa kwanza atakukatisha tamaa: hiyo ni mboga ya nchi za baridi, achana nayo. Wa pili atakwambia inawezekana, mradi uimwagie maji asubuhi na jioni. Wa tatu atakutolea pakiti ya mbegu inayosema seleri hupandwa mwanzo wa majira ya kuchipua, akulalamikie kwamba aliifuata neno kwa neno mwezi Machi, na ilipofika Juni alikuwa na mabua membamba, machungu, yasiyotafunika.

Wanaochanganyikiwa zaidi ni wageni. Phoenix na Tucson zimepokea familia nyingi za Wakongo na Warundi, wengi wao wakizungumza Kiswahili, na baadhi waliishi miaka mingi katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kabla ya kupelekwa Marekani. Mtu aliyetoka Kakuma akiona vumbi, miiba na jua la Arizona husema moyoni: hapa napajua. Hapajui. Jangwa la Arizona lina msimu ambao Kakuma haina, na msimu huo ndio unaoamua kama utakula seleri yako mwenyewe au utaendelea kuinunua dukani.

Na inaota, tena vizuri. Mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Phoenix upo mji wa Yuma, katikati ya jangwa lile lile. Wakati majimbo ya kaskazini yamefunikwa na theluji, kuanzia Novemba hadi Machi, eneo hilo ndilo linalotoa sehemu kubwa mno ya mboga za majani zinazoliwa Marekani; makadirio yanayotajwa siku zote ni karibu asilimia 90. Letusi ndiyo mfalme huko, lakini seleri nayo imo. Kwa hiyo yule jirani wa kwanza mwondoe kwenye orodha ya washauri wako. Hawa wawili wengine wanahitaji maelezo marefu kidogo.

Tunazungumzia nini hasa

Seleri ni mboga ya jamii moja na karoti na giligilani. Masokoni Tanzania wapo wanaoiita figili, jina ambalo wengine hulitumia kwa mboga nyingine kabisa, kwa hiyo hapa nitabaki na seleri. Ziko za aina tatu. Ya mabua ndiyo ile ya dukani yenye shina nene la kijani linalovunjika kwa sauti. Ya majani ina vibua vyembamba na harufu kali, na Wachina, Waarabu na Wahindi huipenda kwenye mchuzi na supu. Ya tatu hulimwa kwa ajili ya kiazi chake na haitatuhusu.

Mababu wa seleri waliota kwenye vinamasi, kando ya maji, Ulaya na ukanda wa Mediterania. Ukilikumbuka hilo umeelewa nusu ya tabia zake. Mmea wa kinamasi haukuwahi kuhangaika kutafuta maji, kwa hiyo mizizi yake haishuki mbali; sehemu kubwa yake inabaki kwenye sentimita 30 za juu za udongo, ambazo ndizo zinazokauka kwanza.

Jangwa la joto, kwa upande wake, ni mahali ambapo mvua ni chache na jua linavuta maji mengi kuliko yanayonyesha. Phoenix hupata chini ya milimita 200 za mvua kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya mara tano ya kiasi hicho. Lakini mvua si kigezo cha kukutisha, maana mabomba na mifereji ipo. Angalia joto, na uangalie joto la usiku kabla ya lile la mchana.

Usiku ndio unaohesabika

Seleri hupenda nyuzijoto 16 hadi 21. Chini kidogo ya hapo inakua polepole bila kulalamika. Joto likivuka 24 kwa muda mrefu, mabua yanakuwa magumu na machungu. Sasa, mwezi Julai Phoenix hufika wastani wa nyuzijoto 41 mchana, na usiku mara nyingi haishuki chini ya 28. Mwaka 2023 mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzijoto 43 au zaidi, na kuna usiku ambao kipimo hakikushuka chini ya 32 hadi jua likachomoza tena.

Kwa nini usiku una uzito namna hiyo? Mchana majani hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Usiku mmea hupumua na kutumia sukari hiyo kujenga mwili wake. Joto likiwa juu, kupumua nako kunaenda mbio. Mfikirie mama anayeuza maandazi: mchana anapata faida nzuri, lakini kila jioni wageni wanamiminika nyumbani kwake na kula mtaji wote mpaka alfajiri. Haijalishi kesho atauza kiasi gani, duka halitakua. Ndivyo ilivyo seleri ya Julai jangwani. Mchana wa jua kali inaweza kuuvumilia kwa muda ikiwa na maji na kivuli. Usiku wa nyuzijoto 30 unaimaliza.

Hapo ndipo neti ya kivuli inapopewa sifa isizostahili. Neti inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua ni msaada mkubwa mwezi Oktoba na tena Aprili, kwa sababu inapunguza joto la jani na kukauka kwa udongo. Usiku haifanyi kitu. Anayeitundika Juni akitegemea kuvusha seleri hadi Septemba anapoteza neti, maji na muda. Mjini mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa lami na kuta za zege hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku kucha. Bustani iliyobanwa kati ya ukuta wa upande wa magharibi na maegesho ya magari inaweza kuwa na usiku wa joto kuliko shamba la nje ya mji.

Sasa geuza kalenda. Januari Phoenix huwa na wastani wa nyuzijoto 20 mchana na kama 8 usiku. Hali hiyo mkulima wa Lushoto angeitambua mara moja. Kwa seleri, basi, msimu wa kulima Phoenix unaanza pale watu wa Chicago wanapoweka majembe stoo. Pakiti ya mbegu haisemi uongo. Imeandikwa kwa ajili ya mtu wa Chicago, ambaye akipanda Aprili ana wiki nyingi za ubaridi mbele yake. Wewe ukipanda Machi umebakiza wiki chache tu kabla ya joto kupita 30, na seleri hutaka miezi mitatu au minne shambani baada ya kupandikizwa.

Na Kakuma? Lodwar, mji mkubwa wa Turkana ulio karibu, uko kwenye mwinuko wa kama mita 500 na karibu sana na ikweta. Mchana hukaribia nyuzijoto 35 mwezi wowote utakaochagua, na usiku huelea kwenye 23 au 24. Hakuna Januari ya kuisubiri. Mtu anayetaka kulima Turkana kwa kunakili kalenda ya Arizona atahesabu miezi bure, kwa sababu kalenda hiyo inategemea umbali kutoka ikweta, ambao ndio unaoleta kipupwe. Karibu na ikweta kinacholeta ubaridi ni mwinuko: kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita. Ndiyo maana Dodoma, nchi kavu lakini iliyo juu ya mita 1,100, huwa na usiku wa nyuzijoto 13 au 14 mwezi Juni na Julai, na mtu mwenye maji ya kisima anaweza kuatika mbegu kitaluni Machi, apandikize miche Mei na kuvuna kabla joto la Oktoba halijarudi. Turkana ningejaribu ile ya majani tu, kivulini, nikiwa na matumaini madogo.

Agosti, mbegu ziko ndani ya nyumba

Hesabu ya Phoenix inaanzia mwisho. Unataka kuvuna kati ya mwisho wa Januari na Aprili. Rudi nyuma miezi mitatu: miche iingie ardhini mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Rudi tena wiki 10 kwa ajili ya kitalu: unaatika katikati ya Agosti, wakati nje kikaango kinaweza kukaanga yai bila moto.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mbegu ya seleri ni ndogo ajabu. Gramu moja ina zaidi ya mbegu 2,000. Ina masharti mawili ambayo mbegu za mchicha au bamia hazina. Kwanza, inataka mwanga ili iote, kwa hiyo ukiifukia kama ulivyozoea kufukia mbegu nyingine haitokezi. Pili, inagoma kwenye joto. Udongo ukipita nyuzijoto 25 uotaji unaanza kuyumba, na ukikaribia 30 mbegu nyingi hulala tu. Haijafa, imesusa. Mtu aliyeacha trei zake barazani mwezi Agosti huishia kumlaumu muuza mbegu.

Kwa hiyo kitalu kiwe ndani, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Jaza trei kwa kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au mboji laini iliyochekechwa, ilowanishe kabla ya kusia, kisha nyunyiza mbegu mbili tatu kila kishimo na uzikandamize kwa kidole zishikane na udongo bila kufunikwa. Baada ya hapo mwagilia kutoka chini: weka trei ndani ya sinia lenye maji, udongo ukishanyonya, yatoe yaliyobaki. Ukimwagia kwa kopo kutoka juu mbegu zitasombwa zote kona moja. Funika kwa nailoni inayopitisha mwanga hadi vichipukizi vionekane, na mwanga uwe wa taa au wa dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja. Kioo cha dirisha la magharibi mwezi Agosti kinaweza kupika trei nzima mchana mmoja hata kama chumba kina ubaridi.

Halafu subiri. Wiki mbili, mara nyingi tatu. Wiki ya pili udongo unaonekana mtupu na ndipo watu wanaposahau kulowanisha. Kukauka mara moja tu wakati huo, na kazi yote imekwisha. Miche ikishatoa jani la kweli la pili, acha mmoja kila kishimo. Itakua polepole mno. Usishtuke ukiona mche wa wiki sita una urefu wa kidole.

Aliyechelewa asikate tamaa, kwani mabanda ya kuuza miche huko huwa na seleri kuanzia Oktoba. Chagua mifupi, minene, yenye kijani kilichokolea. Mche mrefu wenye mabua tayari unavutia macho lakini una hatari yake, nitaieleza chini.

Kuhusu aina, Tall Utah ni ya kawaida na haimtesi mtu, na Conquistador inasifika kwa kustahimili joto na ukame kidogo zaidi ya wenzake. Kama lengo lako ni mchuzi na supu, nakushauri bila kusita uanze na ile ya majani. Inavumilia makosa mengi, unachuma kidogo kidogo, na mwaka ujao utajaribu ya mabua ukiwa na uzoefu.

Kupandikiza ni kazi nyepesi. Subiri mchana uwe chini ya nyuzijoto 30 na usiku chini ya 18. Siku saba hadi kumi kabla ya hapo izoeshe miche jua la asubuhi. Panda jioni, nafasi ya sentimita 20 hadi 25, kwenye udongo uliochanganywa na mboji ya kutosha, maana seleri ni mlafi. Weka matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sentimita tano, lakini yasiguse kitovu cha mmea.

Maji, chumvi na maganda ya mayai

Yule jirani wa pili, wa maji asubuhi na jioni, ana nusu ya ukweli. Seleri haivumilii kiu. Kwa kipindi kikubwa cha msimu inataka milimita 25 hadi 50 za maji kwa wiki, yaani lita 25 hadi 50 kwa kila mita moja ya mraba, zaidi kidogo Oktoba na Aprili, pungufu Desemba. Njia rahisi ya kujua ni kuchomeka kidole kando ya mmea hadi kiungo cha pili. Ncha ya kidole ikikuta ukavu umechelewa. Bua lililopata kiu linakupa ushahidi jikoni: likate katikati, na badala ya nyama ya kijani iliyobana utaona weupe mwepesi, wenye mashimo mashimo, usio na maji. Hiyo haitibiki. Ukimwagilia kesho, mabua mapya yatakuwa mazuri, yale ya zamani yatabaki hivyo hivyo.

Nusu isiyo kweli ni kwamba maji mengi yatapoza mmea wakati wa hari. Hewani mna nyuzijoto 42 usije ukadhani ndoo mbili zitabadilisha kitu. Tena maji yaliyolala ndani ya mpira wa bustani juani Phoenix hutoka yakiwa na joto la kuunguza ngozi, ndiyo maana wazazi huonywa wasiwaache watoto wachezee mpira kabla maji ya kwanza hayajamwagika. Udongo wa moto uliolowa kupita kiasi hauna hewa, mizizi inaoza, na mmea unanyauka huku umesimama kwenye tope.

Kuna tatizo lingine lisiloonekana: chumvi. Maji ya Phoenix hutoka mto Salt na mto Colorado, na kama jina la huo wa kwanza linavyodokeza, hayakosi madini. (Bonde hilo lina historia ndefu ya kilimo cha mifereji, Wahohokam, wenyeji wake wa kale, waliichimba karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, na baadhi ya mifereji ya leo inafuata njia zao.) Kila ukimwagilia, maji yanaruka hewani na chumvi inabaki. Baada ya wiki kadhaa utaona utando mweupe pembeni mwa mpira wa umwagiliaji wa matone na ncha za majani zikiungua rangi ya kahawia. Watu hudhani seleri, kwa kuwa ina ladha ya chumvichumvi, inaipenda chumvi. Hapana, inadhurika mapema kuliko nyanya, na mapema zaidi kuliko biti.

Dawa yake ni maji yenyewe, ila kwa mpangilio. Badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila siku, mwagilia kwa kina ili maji yashuke chini ya mizizi, na kila baada ya wiki tatu nne ongeza mara mbili ya kawaida ili chumvi isukumwe chini. Na kama una umwagiliaji wa matone, usiufunge mvua nyepesi inapoanza. Mvua ya dakika kumi haitoshi kuosha udongo, inatosha tu kuyeyusha ile chumvi iliyokaa juu na kuishusha pale pale mizizi ilipo. Acha matone yaendelee mpaka mvua iwe ya kweli.

Twende kwenye maganda ya mayai. Mwezi Februari au Machi, siku zinapoanza kuwa na joto, unaweza kufungua katikati ya mmea mzuri na kukuta majani machanga ya ndani yamekuwa meusi na yanateleza. Ugonjwa huo huitwa moyo mweusi, na kila mtu atakwambia ni upungufu wa kalsiamu, kwa hiyo saga maganda ya mayai umwagie. Sehemu ya kwanza ni sahihi. Ya pili inachekesha ukijua udongo wa Arizona ulivyo. Chini ya bustani nyingi za Phoenix kuna tabaka gumu jeupe liitwalo kalichi, ambalo sululu hudunda juu yake. Kalichi ni chokaa ya kalsiamu, kitu kile kile kinachojenga ganda la yai. Una tani zake chini ya miguu yako, na unaongeza vijiko viwili.

Kilichokosekana ni usafiri. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea kwa kubebwa na maji tu, na maji huelekea kwenye majani yanayotoa mvuke mwingi, yaani yale makubwa ya nje. Majani machanga yaliyojificha katikati hayatoi mvuke, hivyo yanapata makombo. Siku mbili za ukavu zikifuatiwa na mafuriko, makombo hayo nayo yanakatika wakati ukuaji unaenda mbio. Ukitaka kuzuia moyo mweusi, tuliza ratiba ya maji na usimwage mbolea nyingi ya naitrojeni joto linapopanda. Maganda ya mayai yapeleke kwenye lundo la mboji.

Baridi nayo ina hila

Baada ya kusema yote haya kuhusu joto, linakuja jambo linalowashangaza watu: seleri ya Phoenix inaweza kuharibiwa na baridi, na madhara yake uyaone miezi miwili baadaye. Simaanishi jalidi, ule umande unaoganda. Jalidi lipo usiku fulani wa Desemba na Januari, na kitambaa chepesi kinatosha kuufunika mmea hadi asubuhi.

Seleri ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hujenga majani, unapita kipupwe, mwaka wa pili hutoa ua na mbegu. Inajuaje kwamba kipupwe kimepita? Kwa kuhesabu ubaridi. Mmea uliokwisha kuwa mkubwa kiasi ukikaa wiki moja mbili au zaidi kwenye baridi iliyo chini ya nyuzijoto 10 hadi 13, unaamini mwaka umegeuka. Siku zikirefuka na joto kurudi, unarusha bua refu la maua katikati, na mabua ya kula yanageuka magumu. Wakulima huita hali hiyo kuchanua kabla ya wakati. Mche mdogo haudanganyiki kirahisi, ule mkubwa unadanganyika. Hiyo ndiyo hatari ya kununua mche mrefu mwezi Novemba, na ndiyo sababu sikushauri kuatika Juni ukidhani unawahi.

Huwezi kuzima baridi ya Januari, lakini unaweza kutoingoja ua. Anza kuchuma mabua ya nje mwisho wa Januari na usisubiri shina lifanane na la dukani. Wanaosubiri hadi Aprili wapate shina kubwa la picha ndio wanaokutana na ua.

Maskati na Batinah

Jamaa zetu wa Oman wanaweza kuifuata kalenda hii kwa marekebisho machache. Maskati nayo iko kaskazini mwa ikweta, kipupwe chake ni miezi ile ile, ila ni chepesi: Januari ni nyuzijoto 25 hivi mchana na 17 au 18 usiku. Faida yake ni kwamba kuchanua mapema si tishio kubwa. Hasara ni kwamba dirisha ni fupi. Pandikiza katikati ya Novemba na uwe umemaliza kuvuna mwisho wa Machi. Kwa hali hiyo karafs (ndiyo seleri kwa Kiarabu) ya majani, ile inayouzwa mafungu sokoni, ina uhakika zaidi kuliko ya mabua.

Kwenye Batinah, ukanda wa pwani wa Oman, adui mkubwa ni kisima. Maji yamevutwa kwa pampu kwa miaka mingi hadi bahari ikaanza kupenya kwenye visima vya karibu na pwani, na seleri, tumeshaona, haina uvumilivu kwa chumvi. Onja maji kabla ya kuonja bahati yako. Kisima ambacho bado kinakubaliwa na mtende kinaweza kuiua seleri. Vitalu nyumba vyenye feni na pedi za maji hupoza vizuri hewa ikiwa kavu, lakini unyevu wa pwani wakati wa kiangazi hupunguza nguvu yake, kwa hiyo usinunue feni ukidhani umenunua Desemba. Na Jabal Akhdar, milimani huko huko Oman kwenye mita 2,000, ni nchi nyingine kabisa: huko unaweza kuwa na seleri wakati Maskati inaungua.

Kuvuna, na kile kitako cha dukani

Vuna alfajiri, mabua yakiwa yamejaa maji, uyatumbukize mara moja kwenye maji baridi. Ukichuma saa nane mchana yatalegea kabla hujafika mlango wa jikoni. Vaa mikono mirefu: utomvu wa seleri una kemikali ambazo zikigusa ngozi kisha jua likapiga, hutoa malengelenge na madoa, na jangwani jua halikosekani. Ukipenda mabua meupe na laini, yazungushie karatasi ngumu wiki mbili tatu kabla ya kuyakata, majani yakiwa nje. Mimi sioni faida yake; rangi inapotea na ladha inapotea pia.

Kuna video nyingi za kukata kitako cha seleri ya dukani, kukiweka kwenye bakuli la maji na kupata mmea mpya. Kitachipua, ni kweli. Kitakupa majani ya kutosha sufuria chache za supu, kisha mara nyingi kitarusha ua, kwa sababu kile kitako ni cha mmea ambao tayari una umri. Shina zima la kununuliwa haulipati tena kwa njia hiyo.

Ifikapo mwisho wa Aprili ng'oa yaliyobaki. Majani yakaushe kivulini, hewa ya Phoenix itayamaliza kwa siku mbili, uyasage na chumvi kwa ajili ya kitoweo. Kama mmoja umekwisha kurusha ua na ni wa aina isiyo chotara, Tall Utah kwa mfano, uachie neti na maji, nyuki watafanya kazi yao. Vichala vikigeuka kahawia vikate pamoja na bua, uvipukute ndani ya mfuko wa karatasi, mbegu uzitie kwenye chupa kavu na kuzifungia ndani ya friji hadi Agosti.